Beki wa Kushoto Aliyebaki Kwenye Boila

Niseme mapema, usije ukafika katikati ndipo ukanichukia: aliyemponza Wilbroad ni mimi, Deo, katibu wa timu yake. Si Majaliwa wa Houston kama watu walivyovumisha, wala si bodi ya leseni ya jimbo, ambayo ilifanya kazi yake tu. Ni mimi, kwa kalamu yangu na kwa nia njema, na hiyo nia njema ndiyo inayoniudhi mpaka leo. Mwenye nia mbaya angalau anajua anachokifanya.

Wilbroad alikuwa kocha wetu sisi Watanzania wa Dallas. Mazoezi yalikuwa Jumapili saa kumi alasiri, kwenye uwanja wa bustani ya jiji kule Carrollton. Yeye alifika saa tisa na nusu, na gunia la mipira, ubao mrefu, na pimamaji yake ya kazini. Alilaza ubao kwenye nyasi, akaweka pimamaji juu yake, akapiga magoti kutazama lile tone la hewa linakimbilia wapi. Hivyo ndivyo alivyogundua kwamba uwanja ule unainamia kona ya kusini magharibi, na kutokana na mwinamo huo akatupangia mfumo mzima wa mchezo, kauchora kwenye daftari la miraba kwa rula. Wachezaji sasa! Wanaingia saa kumi na moja, saba kati ya kumi na sita. Mmoja katoka zamu ya usiku hospitalini, anapiga miayo. Mwingine kaja na viatu vya kanisani. Mwingine kaja kutuaga kwamba hatakuja.

"Nyie watu," Wilbroad alikuwa akisema, "Houston mnataka kuifunga kwa maombi?"

Na Houston hatukuwahi kuifunga. Kila mwaka, wikiendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya huku, ile ya Septemba, tunacheza nao, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao. Kila mwaka tunafungwa, tunakula pilau, tunasema mwakani. Wilbroad pilau haikumshuka. Alikaa kando na daftari lake akitafuta kosa lilipoingilia, kana kwamba timu ni mashine yenye nati moja iliyolegea. Nati zilizolegea zilikuwa kumi na sita, na katibu wa kumi na saba.

Ili uelewe hasira zake inabidi nikurudishe nyuma. Wilbroad ni mtu wa Muleba. Alipokuwa na miaka ishirini, kiwanda kimoja cha sukari kilikuwa kinatafuta beki wa kushoto. Enzi zile viwanda vilikuwa na timu, na mchezaji aliajiriwa kwa mguu wake. Kwenye vitabu anaandikwa msaidizi wa fundi, asubuhi anasaini, kisha anarudi kulala mpaka saa ya mazoezi. Hakuna aliyeona ubaya. Mkuu wa boila alikuwa Mskoti, Bwana Murdo, aliyecheza mpira kwao mpaka goti likamwangusha, akasomea uhandisi, na jioni ndiye huyo huyo aliyekuwa meneja wa timu. Wachezaji kumi na mmoja walisaini mbele yake kila asubuhi. Hakuwagombeza. Aliwatazama migongo tu wakitoka.

Siku ya tatu Wilbroad hakutoka. Alinieleza mwenyewe kwamba haikuwa bidii, nje kulikuwa na mvua. Akasimama karibu na boila apate joto, Bwana Murdo akampa spana ashike. Siku ya nne hakukuwa na mvua, akabaki vilevile. Alibaki miaka mitano. Kiwanda kikampeleka chuo cha ufundi, kisha chuo kikuu, na mwaka 2001 akasajiliwa na kuwa Injinia Wilbroad, mkuu wa boila zile zile alizoanzia kwa kukimbia mvua. Bwana Murdo alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, lakini waliandikiana kila Krismasi.

Hata hivyo kuna jina lilimganda kama kupe: "injinia wa mguu." Maana yake digrii kaipata kwa kupiga krosi. Aliyelianzisha ni golikipa wa timu ile, Majaliwa, aliyesaini kila asubuhi na kutoka kila asubuhi. Dunia nayo haina adabu. Ilizunguka ikawaleta wote wawili Texas, Majaliwa akawa kocha wa timu ya Houston, na jina akaja nalo kwenye mzigo.

Wilbroad aliingia Irving, mji wa jirani na Dallas, mwaka 2009, baada ya mkewe Avelina, ambaye ni muuguzi, kushinda bahati nasibu ya viza. Akapata kazi uwanja wa ndege, fundi wa ile mikanda inayobeba mizigo ya abiria. Kazi ya heshima, sikatai. Lakini huku huwi injinia kwa kuwa umesoma. Unakuwa injinia jimbo likisema, na likisema halikupi cheo mbele ya jina, linakuruhusu herufi mbili nyuma yake, P na E. Kabla ya hapo, ukijitangaza kwa watu kwamba wewe ni injinia na una huduma, umevunja sheria. Wilbroad alilijua hilo vizuri sana. Alitukataza mara nyingi kumwita Injinia hadharani. Nasi tukamjibu kwa adabu zote, "Sawa, Injinia."

Tungefanyaje? Kwetu mtu aliyesoma humwiti jina tupu. Kadi ya harusi haitoki kiwandani kabla hujajua nani Daktari, nani Mchungaji, nani Injinia. Kumwandika Wilbroad bila cheo niliona ni kama kumtoa bafuni bila taulo.

Agosti 2017 mvua ya kimbunga iliizamisha Houston, na mechi ikafa. Badala ya jezi tulipakia maji ya kunywa, mafagio na koleo kwenye magari mawili, tukaenda kuwasaidia wenzetu. Nyumba ya Majaliwa ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Tulitoa mazulia, tukatoa makochi, tukayatupa kando ya barabara, na Majaliwa akawa anazunguka vyumbani kama mgeni. Sebuleni ukuta ulikuwa na ufa kuanzia dirishani hadi chini. Wilbroad alikuwa ameshapiga magoti na pimamaji yake kabla hajaombwa.

"Injinia," Majaliwa akamwita, na safari hiyo hakukuwa na utani ndani yake. "Sema ukweli. Watoto wanaweza kulala humu?"

Wilbroad alitazama lile tone la hewa muda mrefu. Alijua jibu. Nilimwona usoni kwamba alijua.

"Mimi naona msilale," akasema. "Lakini bima watataka karatasi. Tafuta mtu mwenye leseni akuandikie."

"Si uandike wewe?"

"Karatasi yangu mimi haina kazi hapa."

Majaliwa, mtu ambaye kitanda chake kilikuwa kimelala barabarani, alipata pumzi ya kucheka. "Si nilisema? Injinia wa mguu!" Watu wakacheka kwa uchovu tu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Njia ya kurudi ni mwendo wa saa nne, na Wilbroad alinigeukia tulipokuwa tumeshapita mji wa Corsicana.

"Deo, nita-apply," akasema. "Nitafanya hiyo mitihani yao yote. Bwana Murdo ana miaka themanini na moja. Nataka nimwandikie kwamba nimekuwa injinia hapa pia, kabla hajafa."

Hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka gari wala nyongeza ya mshahara, alitaka barua moja ya kumtumia mzee mmoja.

Mwaka 2018 wote alisoma. Alisoma mapumziko ya kazini, kelele za mikanda masikioni. Avelina alibandika kanuni za hesabu kwenye friji, ukifungua maziwa unakutana na mgandamizo wa maji. Binti yao Flaviana alimtazama siku moja akamwambia, "Dad, you're fifty," naye akajibu, "Ndiyo, na wewe hujaosha vyombo." Mtihani wa kwanza akapasi. Wa pili akapasi. Kikabaki kipengele cha mashahidi, yaani wahandisi walioiona kazi yake kwa macho, na wa kwanza kuombwa alikuwa Bwana Murdo. Mzee akaandika barua kwa bodi, na nakala akamtumia Wilbroad pamoja na kikaratasi chenye mistari miwili: ukipata, niandikie, usinipigie simu, sisikii tena. Wilbroad alikiweka kwenye pochi. Mei 2019 maombi yakaingia bodi, yamekamilika. Kilichobaki ni kusubiri.

Sasa niingie mimi, na mchanga wangu wa kutia kwenye kitumbua cha mtu.

Kabla ya kuja huku nilikuwa karani wa masjala, ofisi ya wilaya, miaka kumi na miwili. Kazi yangu ilikuwa mafaili, na kitu kimoja nakijua kuhusu faili: haliendi lenyewe. Faili lisilofuatiliwa hulala, likilala hufunikwa na mengine, na mwenyewe hustaafu bila jibu. Juni ikapita kimya. Julai kimya. Wilbroad akasema mambo yanakwenda, nisubiri. Mimi nikamwona mtu mpole anayelaliwa na faili, nikaamua kumsaidia bila kumwambia.

Mwezi huo nilikuwa nimetengeneza bango la mechi ya Houston. Bango zuri, kusema ukweli. Picha ya Wilbroad katikati, chini yake KOCHA: ENG. WILBROAD. Kisha, kwa kuwa nilitaka watu wamthamini, nikaongeza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mwenye tatizo la nyumba, ufa au msingi, amwone Injinia wetu baada ya mechi. Nikalisambaza kwenye makundi yote ya simu. Halafu nikakaa, nikaandika barua kwa bodi, kwenye karatasi yenye nembo ya jumuiya yetu ya Watanzania wa Dallas, kuwakumbusha kwa heshima na taadhima kuhusu faili la Injinia wetu mpendwa. Nikagonga muhuri wa mviringo. Nikaweka kumbukumbu namba. Na kama kielelezo cha jinsi jamii inavyomtegemea, nikaambatisha bango. Nilituma kwa rejista, risiti nikaitunza. Nilitembea kutoka posta kifua mbele.

Mechi tulifungwa.

Oktoba Wilbroad akapata taarifa. Bodi imepokea maelezo kwamba anajitangaza kama mhandisi kabla ya leseni, maombi yake yamesimamishwa mpaka suala lichunguzwe. Nilikuwa mezani kwake Irving siku hiyo, Avelina kapika ndizi kwa nyama. Aliisoma kwa sauti, akasimama, akampigia Majaliwa simu ya wazi tusikie wote.

"Umeniandikia barua serikalini, Majaliwa! Miaka thelathini unanifuata!"

"Wilbroad, tulia. Mimi nakutania, kukutania ni kazi yangu. Barua serikalini? Ndugu yangu, mimi hata fomu za mafuriko sijamaliza kujaza."

"Muongo! Mpira na nyie basi. Hatuji tena!"

Akakata. Mimi niliendelea kula. Nilikuwa nimeshajua, tangu alipofika neno "kujitangaza" nilijua, na mkono wangu ukawa unapeleka ndizi mdomoni kama wa mtu mwingine. Wiki tatu nilikaa na siri hiyo. Nikasikia watu wakimsema Majaliwa vibaya kanisani, msikitini na saluni, nikanyamaza. Woga tu. Sina jina jingine la kuupa.

Wiki ya nne bodi ikamtumia nakala za vielelezo. Alinifuata kazini kwangu, nyumba ya wazee Carrollton, akanisubiri kwenye maegesho na bahasha mkononi. Alitoa karatasi akaweka kidole kwenye muhuri wa mviringo.

"Huu wa nani?"

"Injinia, nilikuwa nafuatilia faili."

"Usiniite hivyo!" Sauti yake iligonga magari. "Nimekukataza mara ngapi? Nani alikutuma kulifuatilia? Faili la huku halisukumwi, Deo!"

"Kwetu usipofuatilia—"

"Hatuko kwetu!"

Akakunja karatasi polepole. Heri angeendelea kufoka. "Mzee ana miaka themanini na tatu," akasema. Akaingia kwenye gari. Jioni hiyo nilitolewa ukatibu, na yeye akampigia Majaliwa kumwomba msamaha, simu ya wazi vilevile, wachezaji wa Houston wakisikia kule kwao.

Bodi ilitaka maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyetengeneza bango. Niliandika usiku na mchana, nikampelekea Avelina akague kabla haijatumwa. Alisoma na kalamu nyekundu mkononi, kama anarekebisha chati ya mgonjwa.

"Shemeji Deo," akasema, "humu ndani unakiri kosa la kumwita Engineer, na umemwita Engineer mara saba."

Nikachukua karatasi nikahesabu. Saba kweli. Nilikuwa sizioni. Tuliandika upya mezani pale, yeye akiamuru, mimi nikiandika, na kila nilipofika kwenye jina lake tupu mkono ulisita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii guu lililovunjika halikuwa langu.

Halafu tukasubiri. Desemba, Januari, Februari. Machi 2020 ugonjwa ukafunga kila kitu. Jiji likaondoa nyavu kwenye magoli, ofisi zikahamia majumbani, ndege zikapaki, na mikanda ya Wilbroad ikasimama. Wakampunguzia siku za kazi mpaka mbili kwa wiki. Avelina alikuwa anavua viatu nje ya mlango akitoka wodini, hakumkumbatia mtu. Mimi nilijifundisha. Nikiwa peke yangu garini nilikuwa nasema, "Wilbroad. Wilbroad. Habari za leo, Wilbroad." Mwanzoni ilikuwa kama kula bila kunawa. Mpaka Julai nilikuwa nimezoea.

Mei Avelina alinipigia. Binti wa Bwana Murdo ametuma barua pepe, mzee amefariki usingizini. Nilimuuliza Wilbroad yuko wapi. Akasema yuko gereji, anasafisha pimamaji kwa kitambaa, ana saa nzima anaisafisha.

Leseni ilitoka Agosti. Bodi iliona kwamba hakujitangaza mwenyewe, ikafunga suala bila adhabu. Ukihesabu muda ambao faili lililala kwa sababu yangu, ni miezi kumi. Mzee aliikosa kwa mitatu.

Jumapili ya mwanzo wa Septemba, ile ambayo tungecheza na Houston, Wilbroad aliniita uwanjani Carrollton. Nilimkuta kapiga magoti, barakoa imeshuka kidevuni, ubao kwenye nyasi, anapima uwanja ambao hakuna mtu wa kuuchezea. Nilisimama mbali kama tulivyoagizwa siku zile. Nilikuwa nimejiandaa.

"Hongera, Wilbroad."

Aliinua kichwa. "Miaka kumi na moja nakukataza, unaniita Injinia. Leo nimeruhusiwa, unaniita Wilbroad?"

Nilifungua mdomo kulisema, likagoma kutoka. Akanitazama nikihangaika, na nadhani alitaka kucheka, ila hakucheka.

"Wewe si hodari wa barua?" akasema. "Kaa hapo. Mwandikie binti wa mzee. Mimi nimeanza mara nne, kila nikianza namwandikia mzee mwenyewe, naharibu karatasi." Akanisukumia daftari la miraba juu ya nyasi, na nakala ya ile barua ya ushahidi ili ninakili anwani. "Waweza kuisoma. Hujawahi kuisoma."

Nikaisoma. Mwandiko wa mtu mzima, mistari imepinda kidogo. Hakumwita mahali popote kwa cheo chochote. Aliandika boila ngapi, miaka mingapi, kazi gani. Mwishoni akaandika kwamba kiwanda kilimpa wachezaji kumi na mmoja waliosaini mbele yake kila asubuhi, na kwamba mmoja alibaki.

Nilishika kalamu. Kisha nikaandika mistari minne, nikiwa nimekaa kwenye nyasi: poleni kwa msiba, leseni imetoka, baba yako alitaka ajulishwe, asanteni. Sikuweka kumbukumbu namba. Chini nikaandika jina la Wilbroad, jina tupu, nikampa.

Aliisoma mara mbili. Akachukua kalamu, akaiweka karatasi juu ya ule ubao, na nyuma ya jina lake, taratibu, akaandika P, nukta, E, nukta. Halafu akanirudishia karatasi, akaniambia nisiongeze kitu.